Moyo Hula Unapotulia

Chumba cha upasuaji kikiwa na watu wanane, saba wanatazama pale panapopasuliwa. Mmoja anatazama kwingine. Amesimama kichwani pa mgonjwa, nyuma ya pazia la kijani, vidole viwili viko kwenye kifundo cha mkono, macho yanakwenda kwenye kioo chenye mistari kisha yanarudi usoni. Anayeingia humo kwa mara ya kwanza hudhani kazi ya mtu huyu ilikwisha pale mgonjwa alipofumba macho. Nami nilidhani hivyo. Nina miaka 17 sasa katika kazi hii ya usingizi, na kila nikimkumbuka aliyenifundisha naona jinsi nilivyokuwa mbali na ukweli.

Hakuwa profesa. Alikuwa muuguzi wa usingizi, mama wa makamo, mfupi, aliyehitaji kipandio ili aweke mrija kooni mwa mgonjwa. Hospitali nzima ilimwita Sista. Mbele ya wagonjwa aliniita daktari. Tukibaki wawili aliniita mwanangu. Nilikuwa nimetoka chuoni na vitabu vyote kichwani. Yeye alikuwa na mikono.

Wagonjwa wetu huita usingizi huu nusu kaputi. Kaputi ni kufa, kwisha kabisa, na nusu yake ndipo tunapowapeleka. Sijawahi kuwasahihisha, kwa sababu jina hilo lina ukweli kuliko majina mengi ya vitabuni: dawa inayomnyima mtu fahamu haiishii kwenye ubongo. Inapita kwenye damu, na popote damu inapofika nayo imefika. Mahali nyeti kuliko pote ni mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Hapo ndipo niliuona ufundi wa Sista.

Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini haunywi ile inayopita vyumbani mwake. Unakunywa kutoka kwenye mishipa miwili inayochomoza pale mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu, mmoja kushoto na mmoja kulia, ikauzunguka moyo kwa nje kama kilemba na kuteremsha matawi ndani ya nyama. Ndiyo mishipa ya koronari. Moyo wa mtu mzima una uzito wa kama gramu 300, lakini hupata karibu asilimia 5 ya damu yote inayosukumwa. Na ulafi wake wa oksijeni hauna mfano. Mwili kwa jumla huchukua kama robo ya oksijeni iliyomo kwenye damu na kuiacha nyingine irudi. Moyo, hata mtu akiwa amelala kitandani, huchukua kama asilimia 70. Hauna pa kuchota zaidi katika damu ileile. Ukihitaji zaidi, njia iliyobaki ni damu nyingi zaidi ipite, yaani mishipa ipanuke.

Kuna jambo nililijibu vizuri kwenye mtihani bila kulielewa, mpaka Sista aliponiambia nikunje ngumi. "Kaza," akasema. Nikakaza. "Fungua." Kiganja kilikuwa cheupe, kisha wekundu ukarudi taratibu. "Basi chumba cha kushoto cha moyo ndivyo kilivyo. Kikijikaza kinajikamua chenyewe. Damu ya kukilisha inaingia kikilegea."

Ndiyo hivyo. Viungo vingine hupata damu nyingi moyo unapopiga. Nyama ya upande wa kushoto wa moyo, inayofanya kazi ngumu kuliko zote, hulishwa zaidi kati ya pigo na pigo, wakati moyo umetulia. Mapigo yakiwa 60 kwa dakika, utulivu huo ni kama theluthi mbili za muda. Yakifika 120, unabaki kama nusu, na wakati huohuo moyo unafanya kazi maradufu na unahitaji chakula zaidi. Kwa hiyo mapigo ya mbio yanaudhulumu moyo mara mbili: yanauongezea njaa na kuupunguzia muda wa kula. Kinachoisukuma damu iingie wakati wa utulivu ni presha ya chini, ile namba ya pili ambayo watu wakipimwa kliniki hawaijali sana. Mtu aliye mzima hana wasiwasi, maana presha ikicheza, mishipa midogo ya moyo hujipanua au kujibana ili damu ipite kiasi kilekile. Mwenye mshipa uliobanwa sana na mafuta na chokaa hana nafasi hiyo. Mishipa midogo iliyo mbele ya kizuizi imeshajipanua mpaka mwisho, kila siku, usiku na mchana, ili kufidia. Kwake presha ya chini ikishuka, damu nayo inashuka, na hakuna wa kumtetea isipokuwa aliyesimama kichwani pake.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la haraka. Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka 70 na kitu, aliyeletwa kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Alikuwa akipata maumivu ya kifua akipanda ngazi, na nilikuwa nimeliandika hilo kwenye fomu kwa mkono wangu. Nikachukua propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, nikasukuma kipimo nilichokihesabu kwa kilo. Nikasubiri. Mzee akanitazama. Sekunde zikapita, bado ananitazama. Nikaona haikutosha, nikaongeza. Sikukumbuka kwamba moyo uliochoka hupeleka damu polepole, na dawa iliyoingia mkononi ilikuwa bado njiani. Vipimo vyote viwili vikafika pamoja. Presha ikashuka hadi 70 kwa 38, na kwenye kioo ule mstari wa umeme wa moyo, kile kipande kilicho baada ya mwamba mrefu, ukaanza kuzama chini ya mahali pake kama kamba iliyolegezwa.

Sista alikuwa upande wa pili wa kitanda. Hakuniambia kitu. Alimwomba muuguzi ainue miguu ya mzee, akaachia dripu, akachukua bomba la sindano aliloliandaa asubuhi kabla mimi sijafika, akasukuma mililita moja. Akasimama, mkono kwenye kifundo. Baada ya muda nisioweza kuukadiria, presha ilifika 110 kwa 65, na ile kamba ikanyanyuka ikarudi mahali pake. Mzee akapona, akaenda nyumbani kwake.

Jioni nilimuuliza kwa nini hakuchukua efedrini, iliyokuwa imekaa karibu zaidi. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani. Efedrini inainua presha, lakini inaukimbiza moyo pia. Ungeipata namba na kuupoteza muda. Fenilefrini inabana mishipa ya mwilini, presha ya chini inapanda, na moyo, ukiona presha imepanda, unapunguza mwendo wenyewe. Unapata vyote viwili. Ampuli ya fenilefrini ina miligramu 10. Aliichanganya kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, ili kila mililita iwe na mikrogramu 100, kisha akabandika karatasi yenye jina, nguvu na saa. Alifanya hivyo kila asubuhi, kwa kila mgonjwa mwenye moyo mbovu, na mara nyingi jioni alilimwaga bomba zima bila kulitumia. Niliwahi kuona huo ni ubadhirifu, na sikurudia tena kuwaza hivyo.

Kutoka siku hiyo nilianza kuzitazama dawa zetu kama yeye alivyozitazama, kila moja na tabia yake. Propofoli inalegeza mishipa ya mwili na kudhoofisha kidogo msukumo wa moyo. Ina upole kwa mgonjwa kijana, na mzee inamwangusha akipewa kwa pupa. Ketamini, iliyookoa watu wasiohesabika katika hospitali zetu za wilaya kwa sababu mgonjwa huendelea kupumua na presha haianguki, huamsha neva zinazouchochea moyo, mapigo yakapanda na presha ikapanda. Kwa aliyepoteza damu ajalini ni rehema. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyobanwa, ikipewa peke yake, ni kumkimbiza mlemavu. Etomideti haigusi sana presha wala mapigo, ila huzima kwa muda tezi za juu ya figo zisitoe homoni za kuukabili mfadhaiko wa mwili. Fentanili inapunguza mapigo na kuukinga moyo na mshtuko wa maumivu, ndiyo aliyoipenda. Halotheni, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1956 na iliyobaki kwenye mashine zetu miaka mingi baada ya wengine kuiacha, huudhoofisha moyo wenyewe, ukapiga kwa unyonge, na unyonge huo nao una faida yake, kwa sababu moyo usiojikaza sana hauhitaji kula sana.

Halafu kuna isoflureni, yenye alama ya zambarau kwenye chupa yake. Kisa chake nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kumthamini Sista kwa akili na si kwa mapenzi tu.

Isoflureni inaifungua mishipa midogo ya moyo. Hufungua vilango vya potasiamu kwenye misuli laini ya kuta za mshipa, misuli ikalegea, mshipa ukapanuka. Mtu angesema ni jambo jema, kwani si tumesema moyo unataka damu zaidi? Mwaka 1983 Sebastian Reiz na wenzake nchini Sweden waliwapa isoflureni wagonjwa 21 wenye mishipa ya moyo iliyoziba, na kwa baadhi yao wakaona dalili za moyo kukosa damu, ingawa mishipa ilikuwa imepanuka. Wakasema dawa hii inaweza kuiba. Wizi wa aina gani?

Anayeijua mifereji ya Wachagga, ile mifongo inayoteremsha maji kutoka mitoni kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa udaktari. Chukua mfongo mmoja ambao tayari umejaa matope na kupungua. Unalisha shamba la juu. Shamba la jirani lilikuwa na mfongo wake, ukabomoka kabisa. Sasa linaishi kwa kijimfereji cha pembeni kinachochota kwenye mfongo wa yule wa juu. Jirani huyo kwa kiu yake amefungua njia zake zote mpaka mwisho, hana cha kuongeza. Siku yule wa juu akifungua na yeye njia zake zote kwa pamoja, maji kwenye mfongo yanashuka kina. Hakuna aliyefunga kile kijimfereji cha pembeni, lakini maji hayakifikii tena. Shamba la juu linafurika na la jirani linakauka.

Moyoni ni hivyohivyo. Mshipa mmoja umeziba kabisa, eneo lake linaishi kwa vijia vya pembeni kutoka mshipa mwingine, na huo mwingine nao umebanwa. Watafiti waliopitia picha za mishipa ya maelfu ya wagonjwa wa Marekani walikuta karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne ana mpangilio wa namna hiyo. Haikuwa nadharia ya mezani. Kwa miaka kadhaa madaktari wengi wa usingizi waliogopa kuigusa chupa ya zambarau kwa mgonjwa wa moyo.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1986 Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer walifunga mshipa wa moyo wa mbwa dakika tano, wakaufungua dakika tano, mara nne, kisha wakaufunga dakika 40. Sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuzoeshwa kwanza. Moyo uliokwisha kuonja njaa kidogo ulijua kuistahimili njaa kubwa. Mwaka 1997 ikaonekana kwamba isoflureni nayo inaweza kuuzoesha moyo hivyo, bila kufunga mshipa wowote, na kwamba vilango vya potasiamu vinahusika hapo pia. Dawa iliyoitwa mwizi ikaanza kuitwa mlinzi. Niliyasoma haya yote nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nikamletea Sista makala hizo kwa furaha, nikitaka kumwonyesha kwamba sasa tunajua chupa ipi ni bora.

Alizisoma. Alichukua wiki mbili, akiwa na miwani yake na kamusi. Akaniuliza: "Hao wa Sweden, presha ilikuwa ngapi?"

Presha ilikuwa imeshuka. Hilo lilikuwa limeandikwa, na mimi nililipita kama mtu anavyopita bango la barabarani. Mfongo ukipungua maji tangu chanzoni, utasemaje kwa hakika ni nani aliyemkausha jirani?

Na dunia ilikuja kukubaliana naye kwa njia ndefu. Huko Houston, Texas, Stephen Slogoff na Arthur Keats walikwisha kutoa mwaka 1989 matokeo ya wagonjwa 1,012 waliofanyiwa upasuaji wa kupachika mishipa mipya ya moyo, waliogawiwa kwa bahati nasibu dawa nne tofauti, isoflureni ikiwemo. Hapakuwa na dawa iliyoua zaidi wala iliyookoa zaidi. Miaka 30 baadaye, mwaka 2019, utafiti mkubwa zaidi wa wagonjwa 5,400 katika hospitali 36 za nchi 13 ulilinganisha dawa za mvuke na zile za sindano kwa upasuaji wa namna hiyo. Ulisimamishwa kabla ya kufika mwisho uliopangwa, kwa kuwa ilikwisha kuonekana hautapata tofauti: baada ya mwaka mmoja, vifo vilikuwa sawa upande huu na ule. Si mwizi, si mlinzi.

Lakini walewale wawili wa Houston walikuwa wametangulia kufanya utafiti mwingine, wa mwaka 1985, ambao mimi nauona wa ujasiri kuliko yote. Walifuatilia wagonjwa 1,023 wa upasuaji wa mishipa ya moyo na kuhesabu nani alionyesha dalili za moyo kukosa damu na nani alipata shambulio la moyo baadaye. Waliopata dalili hizo walipata shambulio karibu mara tatu zaidi. Na walihesabu pia kwa kila daktari wa usingizi, wakiwapa namba badala ya majina. Daktari namba 7 alikuwa peke yake. Wagonjwa wake walikuwa na mapigo ya mbio zaidi, moyo wao ulikosa damu zaidi, na ndio walioongoza kwa mashambulio ya moyo. Chumba ni kilekile, na dawa zimo kabati lilelile.

Nilipoisoma habari ya namba 7 nilikaa kimya muda mrefu. Kwa sababu kama yupo namba 7, basi kwa upande wa pili yupo mtu kama Sista, na tofauti kati yao haiuzwi na kampuni yoyote ya dawa. Iko kwenye namna ya kusukuma bomba na kusubiri kabla ya kusukuma tena. Iko kwenye kujua kwamba mshtuko mkubwa wa moyo unakuja pale kile chuma kinapoingia kooni kuinua ulimi, na kwamba fentanili inahitaji dakika kadhaa kufika kileleni, kwa hiyo ipewe mapema, mtu angali anaongea, ili vikutane. Niliwaona wengi, nami nikiwemo, wakiipa fentanili na kuingiza mrija dakika ileile, kisha wakashangaa mapigo yanafika 130.

Na iko katika jambo ambalo halihesabiwi popote kama dawa.

Mgonjwa mwingine, miezi mingi baada ya kosa langu, alikuwa dereva wa lori mstaafu. Uvimbe wa utumbo haukuweza kusubiri, na moyo wake ulikwisha kupata shambulio mara moja. Alipoingizwa, mapigo yalikuwa 104. Hajapewa kitu bado. Ilikuwa hofu tupu. Tayari nilishika bomba la dawa ya kumtuliza. Sista akanizuia kwa jicho, akavuta kipandio chake, akaketi juu yake kando ya kichwa cha mzee kana kwamba siku nzima ilikuwa yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia ulikuwa njia ya Mbeya."

"Miaka thelathini na moja."

"Kitonga nako ulipita?"

Mzee akacheka kidogo. Kitonga kila dereva wa Tanzania anakujua, ule mlima wa Iringa wenye kona juu ya kona, ambako malori yaliyokatika breki yamelala bondeni.

"Hebu niambie, ukiwa na mzigo, unakuteremkaje?"

Akamweleza. Alimweleza kwa makini, mkono wake ukionyesha gia hewani. Unaingiza gia nzito huku juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, maana ukishaanza huipati tena. Breki unagusa na kuachia, unagusa na kuachia. Ukiikanyaga moja kwa moja inachemka, na ikichemka huna breki. Wale wenye haraka ndio waliolala kule chini. Sista alikuwa anasikiliza kweli, aliuliza na maswali, na vidole vyake vilikuwa kwenye kifundo. Nikatazama kioo: 96. Kisha 88. Alipofika kwenye kona ya mwisho ilikuwa 79.

Mwaka 1911 Alfred Goodman Levy wa London alionyesha kwa paka kwamba klorofomu iliyokuwa ikiua wagonjwa ghafla haikuua kwa kuzidi tu. Iliua usingizi ukiwa mwepesi, adrenalini ikiingia kwenye damu na kuukuta moyo uliokwisha kuguswa na dawa, ukapapatika na kusimama. Hofu ni adrenalini. Klorofomu tumeiacha, lakini adrenalini ya mtu anayesukumwa kwenye korido yenye taa, asiyejua kama atawaona wanawe, ni ileile. Inakimbiza moyo na kuula ule muda wa kula. Sista hakuwa amesoma habari za Levy, ila alikuwa ameketi kando ya wagonjwa maelfu.

Akampa fentanili mzee angali anasimulia kuhusu tingo wake mmoja. Akahesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Kisha propofoli, mililita mbili, akasimama. Mbili nyingine, akasimama. Kwenye mkono wa kulia dawa, kwenye wa kushoto mpigo. Sauti ya mzee ikawa nzito, ikakatika katikati ya jina. Sista hakuongeza. Alingoja kope, akaigusa moja kwa ncha ya kidole, akangoja tena, na presha ilipoanza kushuka alikuwa tayari na nusu mililita ya fenilefrini, akaisukuma kabla mashine haijapiga kelele. Mrija ukaingia. Mapigo yalikuwa 74 kabla, 80 baada. Nilitazama saa: kutoka "shikamoo" mpaka mrija, dakika 19. Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama na mikono juu, amekwisha kunawa, na hakuthubutu kusema neno.

Nchini kwetu wagonjwa wenye mishipa ya moyo iliyoziba wanaongezeka, na tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe Dar es Salaam mwaka 2015 wengi wanaotibiwa hapa ni wale ambao zamani wangepelekwa India. Lakini walio wengi hawatafika kwa daktari wa moyo kabla ya kufika kwetu. Watakuja kwa ngiri, kwa kibofu, kwa nyonga iliyovunjika, na moyo utakuja nao kimyakimya. Wengine ni vijana, hasa akina mama waliougua homa ya rumatiki utotoni, ambao mlango wa moyo wa kushoto umekakamaa na kuwa mwembamba. Kwao mishipa ya koronari ni mizima, lakini kanuni ya Sista haibadiliki hata kidogo: damu hupenya mlango ule mwembamba moyo ukiwa umetulia, na ukiwakimbizia mapigo, damu inarundikana mapafuni. Nimemwona akimshika mkono mama mjamzito wa namna hiyo kwa saa mbili, akimwimbia karibu na sikio.

Upasuaji wa yule dereva ulichukua saa tatu na nusu. Hapo kati sina mengi ya kueleza, na hilo ndilo ninalolisifu. Karatasi ya usingizi ya Sista, ile ambayo kila dakika tano unaweka alama ya presha na kitone cha mapigo, ilikuwa na mistari miwili iliyonyooka kama ukingo wa meza. Bado ninayo nakala ya mmojawapo wa wagonjwa wake, jina limefutwa, na huwaonyesha wanafunzi wangu. Wengi huuliza kwa nini ninawaonyesha karatasi ambayo hakuna kilichotokea.

Mwishoni alinifundisha kwamba kuamsha ni hatari sawa na kulaza. Mrija ukitoka mtu akiwa anakohoa na kupigana nao, mapigo hupanda kuliko hata mwanzo, na safari hii hakuna dawa ya kutosha mwilini ya kuyazuia. Alisafisha koo la mzee angali amelala sana. Akaongeza fentanili kidogo. Akaagiza mablanketi yaliyokuwa yamewekwa kwenye joto, kwa sababu anayeamka akitetemeka kwa baridi anatumia oksijeni maradufu na zaidi, na moyo ndio unaolipa. Akamfunika mpaka shingoni, akakunja ncha za blanketi chini ya miguu kama mtu anavyomlaza mtoto. Kisha akangoja.

Mzee alifungua macho bila kukohoa. Mrija ukatoka na pumzi yake. Kioo kilionyesha 76. Aligeuza kichwa polepole akatafuta, na alipomwona Sista midomo ikacheza, lakini sauti haikutoka.

"Tumemaliza, baba," Sista akamwambia. "Usiongee kwanza. Vuta hewa."

Akavuta. Tukakisukuma kitanda kuelekea wodini, mimi nikiwa nimeshika dripu, na Sista akitembea haraka haraka kwa miguu yake mifupi ili asiachwe, vidole viwili vikiwa bado kwenye kifundo cha mkono wa mzee, ingawa mashine ndogo iliyokuwa miguuni pa kitanda ilikuwa inahesabu mapigo yaleyale kwa sauti.